Kiongozi Apimwe kwa Kazi Yake

Tarehe 1 Februari 2009 Bibi Jóhanna Sigurðardóttir alishika madaraka ya Waziri Mkuu wa Iceland. Magazeti ya nchi za nje yaliitangaza habari hiyo kwa herufi kubwa, na mengi kati yao yaliona jambo moja tu la kutangaza: kwamba mama huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 66, ndiye mkuu wa serikali wa kwanza katika zama hizi ambaye hakuficha kwamba mwenzi wake wa nyumbani ni mwanamke mwenziwe. Huko kwao Reykjavik hali ilikuwa nyingine. Wananchi walikuwa wakiuliza kama akiba zao zi salama, kama nyumba zao zitapigwa mnada, na kama serikali mpya itathubutu kumwondoa Gavana wa Benki Kuu. Mambo ya nyumbani kwa Waziri Mkuu waliyajua zamani, na wala hayakuwa yakiwanyima usingizi.

Sisi twaonelea kwamba tofauti hiyo kati ya macho ya mgeni na macho ya mwenyeji yastahili kutazamwa. Twajua vilevile kwamba katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki sheria hukataza mahusiano ya namna hiyo, na kwamba wako wasomaji ambao wakikutana na habari hizi huwa wepesi wa kugeuza ukurasa. Hao twawaomba wasubiri kidogo. Habari yenyewe ina vyama vya wafanyakazi, ina benki zilizoanguka, ina sufuria zilizopigwa mbele ya Bunge, na ina swali ambalo kila taifa hujiuliza linapochagua viongozi: ni yapi katika maisha ya kiongozi yaliyo haki ya wananchi kuyadai, na ni yapi yaliyo yake mwenyewe?

Iceland ni kisiwa kilichoko kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki. Mwaka 2009 kilikuwa na watu wapatao 320,000 tu, na jeshi hakina. Bunge lao, liitwalo Althing, lilianzishwa mwaka 930. Wahandisi wa Kenya wakijua vizuri kisiwa hicho, maana tangu mwaka 1979 wataalamu kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakienda Reykjavik kujifunza namna ya kutumia mvuke wa ardhini kwa kuzalisha umeme, na Wakenya wamekuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Jambo jingine litakalowafurahisha watu wa pwani ni majina. Waiceland walio wengi hawana majina ya ukoo kama Waingereza. Kila mtu hutajwa kwa jina lake na la baba yake. Sigurðardóttir maana yake ni binti Sigurður, kama wazee wetu walivyosema binti Salimu au binti Juma. Hata mkuu wa serikali huitwa kwa jina lake la kwanza, na kwa hiyo nasi tunapomwita Bibi Jóhanna hatumvunjii heshima.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1942 katika nyumba ya siasa. Baba yake alikuwa mbunge wa chama cha Kisoshalisti-Demokrasia. Bibi yake mzaa baba, ambaye ndiye aliyerithi jina lake, aliongoza chama cha wanawake vibarua wa Reykjavik tangu mwaka 1935 hadi 1962. Basi mtoto huyo alikulia katika mazungumzo ya ujira, saa za kazi na pensheni. Lakini yeye mwenyewe hakupita njia ya chuo kikuu kama wanasiasa wengi wa kizazi chake. Alisoma shule ya biashara, na mwaka 1962 akawa mhudumu wa ndege katika shirika la Loftleiðir, lililosafirisha abiria kati ya Ulaya na Marekani kwa nauli nafuu. Huko angani alihudumia chakula kwa miaka tisa. Huko chini akawa mwenyekiti wa chama cha wahudumu wenzake. Baadaye akawa karani katika kampuni ya kutengeneza maboksi, na akaingia katika halmashauri ya chama cha wafanyakazi wa biashara. Aliolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, kisha ndoa ile ikavunjika.

Mwaka 1978 alichaguliwa kuwa mbunge, na hakutoka Bungeni mpaka mwaka 2013. Hiyo ni miaka 35. Tangu 1987 hadi 1994 alikuwa Waziri wa Ustawi wa Jamii katika serikali mbalimbali, na huko ndiko wananchi walikomfahamu. Alishughulikia nyumba za watu wa kipato kidogo, haki za vilema, na sheria za usawa kati ya wanaume na wanawake. Hakuwa mtu laini. Mawaziri wenziwe walipotaka kupunguza fedha za wizara yake alibishana nao mpaka wakamchoka, na wako waliomwita Mtakatifu Jóhanna kwa kejeli. Mwaka 1994 aligombea uongozi wa chama chake akashindwa. Aliposimama kuzungumza baada ya kura kutangazwa, aliinua ngumi juu akasema, “Wakati wangu utafika.” Watu walicheka siku ile, na maneno yale yakawa msemo wa nchi nzima. Alijiuzulu uwaziri, akaanzisha chama chake mwenyewe, na katika uchaguzi wa 1995 kikapata viti vinne kati ya 63. Kisha chama hicho kikajiunga na vyama vingine vya mrengo wa kushoto kuwa kimoja. Mwaka 2007 alirudi katika wizara yake ileile ya zamani, akiwa na umri wa miaka 64, na wengi walidhani kwamba hapo ndipo atakapomalizia safari yake.

Ndipo benki zikaanguka. Mwezi Oktoba 2008, katika muda wa siku chache, benki tatu kubwa za Iceland, yaani Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilishindwa kulipa madeni yao, na serikali ikazitwaa. Mali za benki hizo zilikuwa zimefikia takriban mara kumi ya pato la taifa zima kwa mwaka. Mtu yeyote anayeuza duka dogo sokoni angaliweza kuwaambia wakubwa wale kwamba mwenye shilingi kumi hawezi kumdhamini mwenye deni la shilingi mia. Lakini kwa miaka kadhaa mabwana wa fedha wa dunia waliwasifu kama mashujaa. Sarafu ya nchi, krona, ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mwaka ule. Waliokopa kwa mikataba iliyofungwa na yeni ya Japani au faranga ya Uswisi ili kununua nyumba na magari waliona madeni yao yakiongezeka maradufu ilhali mishahara yao imesimama. Serikali ya Uingereza, ambayo raia wake walikuwa wameweka akiba katika Landsbanki, ilitumia sheria ya kupambana na magaidi kuzuia mali za benki hiyo. Ilibidi Iceland iende kubisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, mlango ambao nchi zetu zaujua vizuri, ikapewa mkopo wa dola bilioni 2.1.

Wananchi walianza kukusanyika kila Jumamosi katika uwanja wa Austurvöllur mbele ya Bunge. Bunge lilipofunguliwa tarehe 20 Januari 2009 walikuja na sufuria, masufuria na vijiko, wakavipiga kutwa kucha mpaka serikali ikasalimu amri kabla mwezi haujaisha. Aliyeitisha mikutano ile ya Jumamosi ni mwimbaji mmoja aitwaye Hörður Torfason, na hapa twaomba ruhusa tusimame kidogo, kwa sababu jina hilo lina uzito katika habari yetu kuliko wasomaji wengi watakavyodhani.

Mwaka 1975 Hörður Torfason alikuwa mwimbaji kijana mwenye sifa nchini mwake. Alikubali kuhojiwa na jarida moja, na katika mahojiano yale akasema waziwazi kwamba yeye hupenda wanaume wenziwe. Hakuna mtu maarufu aliyewahi kusema hivyo nchini humo. Milango ya kazi ilifungwa, vitisho vikamfuata, na hatimaye ikambidi ahame nchi yake aende Denmark. Hii ndiyo Iceland ambayo leo yasifiwa kuwa nchi ya ustahimilivu! Mwaka 1978 yeye na wenziwe wachache waliunda chama cha kutetea haki zao, mwaka uleule ambao Bibi Jóhanna aliingia Bungeni. Wale wa chama walisema hadharani. Bibi Jóhanna hakusema. Uhusiano wake na Jónína Leósdóttir, mwandishi wa habari na wa vitabu, ulianza katika miaka ya 1980, nao waliuficha kwa miaka mingi.

Twaweza kumlaumu kwa ukimya ule? Wako wanaomlaumu, wakisema kwamba waziri mwenye nguvu angaliweza kuwatia moyo wanyonge walioteseka bila jina. Sisi hatuoni kwamba mtu ana wajibu wa kuutoa moyo wake mnadani ili wengine wanunue ujasiri. Lakini haki yatutaka tuseme pia kwamba njia aliyoipita Bibi Jóhanna mwaka 2009 ilifyekwa na watu wengine, na baadhi yao waliumia. Sheria ya mwaka 1996 iliwaruhusu watu wa jinsia moja kuandikisha maisha yao ya pamoja serikalini. Mwaka 2006 wakapewa haki ya kulea watoto wa kupanga sawa na watu wengine. Bibi Jóhanna na Bibi Jónína waliandikisha maisha yao ya pamoja mwaka 2002, bila shangwe wala matarumbeta, na jina la Jónína likaingia katika kumbukumbu za umma kama jina la mume wa mbunge mwingine yeyote lingeliingia. Miaka saba baadaye, wakati wa dhiki ulipomwita, hapakuwa na siri ya kufichuliwa. Mtu asiye na siri hatishwi na mwenye kuijua.

Kwa nini basi alichaguliwa yeye? Jibu laonekana katika jambo moja la mwezi Desemba 2008. Wananchi walipoulizwa na shirika la Gallup juu ya mawaziri wao, asilimia 73 walisema wanaridhika na kazi ya Bibi Jóhanna, wakati ambapo sifa za mawaziri wenziwe zilikuwa zikiporomoka pamoja na krona. Walimjua kwa miaka thelathini. Walijua kwamba alipokuwa akipigania nyumba za makabwela hakuwa akijijengea kasri. Katika nchi ambayo wakubwa walikuwa wamekula na mabenki meza moja, sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko shahada zote za uchumi.

Kazi aliyoianza ilikuwa ngumu, na aliianza kwa mkono mzito. Gavana wa Benki Kuu alikuwa Davíð Oddsson, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1991 hadi 2004. Bibi Jóhanna aliwahi kuwa waziri chini yake. Alimwandikia barua kumtaka ajiuzulu. Akakataa. Basi Bunge likabadili sheria ya Benki Kuu, na kabla ya mwezi wa Februari kwisha bwana yule akawa amekwenda zake. Baraza la kwanza la Bibi Jóhanna lilikuwa na wanawake watano na wanaume watano, jambo ambalo halijapata kutokea nchini humo. Katika uchaguzi wa Aprili 2009 chama chake kilipata viti 20 kikawa cha kwanza, kikaunda serikali pamoja na chama cha Kijani cha mrengo wa kushoto. Kodi za wenye nacho zilipandishwa, matumizi ya serikali yakapunguzwa, na mwezi Agosti 2011 masharti ya Shirika la Fedha yakamalizika.

Tarehe 11 Juni 2010 Bunge lilipiga kura juu ya sheria ya ndoa, ili neno ndoa liwe moja kwa watu wote. Wabunge 49 walikubali na hakuna hata mmoja aliyepinga. Sheria ilianza tarehe 27 Juni, na siku ileile Bibi Jóhanna na Bibi Jónína wakageuza hati yao ya 2002 kuwa hati ya ndoa. Miezi michache baadaye walikwenda pamoja kuzuru Visiwa vya Faroe, jirani zao wa karibu. Huko kiongozi wa chama kimoja cha Kikristo, Jenis av Rana, alikataa kuhudhuria karamu ya wageni kwa sababu Waziri Mkuu amekuja na mkewe. Alikuwa na haki ya kutokula. Sisi twaona tu kwamba karamu ya majirani ni mahali padogo pa kupigania Maandiko. Wenyeji wengine walikaa mezani na chakula kikaliwa. Tangu mwaka 2017 ndoa za namna hiyo zimekuwa halali huko Faroe pia.

Lakini tusije tukamfanya malaika, maana hilo nalo ni namna ya kutompima. Mwezi Oktoba 2010 maelfu ya watu walirudi Austurvöllur, na safari hii walioelekezewa kelele na mayai ni yeye na wabunge wenziwe. Alikuwa ameahidi kuzijengea nyumba za wananchi ngome ya kuzikinga na madeni, na watu walisema ngome hawaioni. Katika suala la Icesave, yaani fedha ambazo Uingereza na Uholanzi ziliwalipa wateja wa Landsbanki kisha zikaidai Iceland, serikali yake ilifanya mapatano ya kulipa. Wananchi wakayakataa katika kura ya maoni ya Machi 2010 kwa zaidi ya asilimia 90, na mapatano ya pili wakayakataa tena Aprili 2011. Mwezi Januari 2013 mahakama ya EFTA ikaamua kwamba Iceland haikuvunja sheria kwa kutolipa. Katika jambo hilo twasema bila kusita kwamba wananchi waliona mbali kuliko Waziri Mkuu wao. Na katika jambo jingine alijikwaa katika kizingiti alichokichonga mwenyewe: mwaka 2011 kamati ya malalamiko ya usawa iliamua kwamba ofisi yake ilivunja sheria ya usawa wa jinsia, kwa kumwajiri mwanamume ilhali alikuwapo mwanamke mwenye sifa zisizopungua zake. Sheria ile ya mwaka 2008 ilipitishwa wakati yeye ndiye waziri wake. Rasimu ya katiba mpya, iliyotungwa na raia wa kawaida 25 na kuungwa mkono na theluthi mbili ya wapiga kura mwezi Oktoba 2012, haikupitishwa na Bunge mpaka muda wake ukaisha.

Haya yote ni makosa ya utawala, na kwa hayo alihukumiwa. Hiyo ndiyo heshima tunayoizungumzia. Mtu anaposemwa kwamba hafai kwa sababu ya alivyo, hana la kujibu; anaposemwa kwamba mapatano yake ni mabaya, aweza kujibu, aweza kusahihisha, na aweza kushindwa kwa haki.

Wala tusidhani kwamba cheo peke yake chatosha kuleta hali hiyo. Mwezi Juni 2017 Bibi Ana Brnabić alikuwa Waziri Mkuu wa Serbia, naye pia hakuficha kwamba mwenzi wake ni mwanamke. Alikaa katika kiti hicho hadi mwaka 2024. Mwaka 2019 mwenzi wake alijifungua mtoto wa kiume, na katika miaka yote ile sheria ya Serbia haikuwatambua wawili hao kuwa ni jamaa moja. Mtu aweza kuwa mkuu wa serikali nzima na bado, akienda hospitali kumtazama mwenziwe, sheria ikamwona mpita njia. Huko Iceland sheria ilitangulia na cheo kikafuata. Huko Serbia cheo kilikuja na sheria ikabaki nyuma. Kwetu sisi, wa kwanza walikuwa na msingi imara zaidi.

Bibi Jóhanna alitangaza Septemba 2012 kwamba hatagombea tena. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Aprili 2013 chama chake kilianguka kutoka viti 20 hadi tisa. Aliyechukua nafasi yake ni Sigmundur Davíð Gunnlaugsson wa Chama cha Maendeleo, kijana wa miaka 38, ambaye aliahidi kuwapunguzia wananchi madeni ya nyumba. Mwezi Aprili 2016 yeye naye akalazimika kuacha uwaziri mkuu, na sababu ilitoka nyumbani kwake: nyaraka zilizovuja kutoka Panama zilionyesha kwamba yeye na mkewe walimiliki kampuni katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na kampuni hiyo ilikuwa ikizidai benki zilezile zilizoanguka. Wananchi walirudi Austurvöllur kwa maelfu. Safari hiyo walidai kujua mambo ya Waziri Mkuu na mkewe, nao walikuwa na kila haki ya kuyadai, kwa kuwa serikali yake ndiyo iliyokuwa ikiamua wanaozidai benki zile walipwe kiasi gani.